Mvua Niliyoihesabu Mara Mbili

Wajina wangu,

Salamu tulipeana asubuhi ukiosha uso, sitazirudia. Sasa umeshuka Kikima kuaga watu wa kwaya na kununua kufuli ya sanduku, na umesema utarudi jua likiwa bado juu. Mimi nimefunga mbuzi mapema, nimekaa mezani na daftari lako la zamani lililobaki kurasa, na nina muda mpaka urudi. Kalamu yangu inatembea kama kinyonga, unajua. Usicheke herufi.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usali, ule vizuri, usitembee na watu wabaya. Hayo pasta alisema Jumapili mpaka watoto wakalala. Una miaka thelathini na mitatu, umepanda juu ya mapaa ya bucha za mjini Sultan Hamud na spana mdomoni kurekebisha friji za watu. Kama mpaka leo hujui kula, mimi siwezi kukufundisha kwa karatasi.

Nina kitu kibaya cha kukuambia. Nitakifikia. Usiruke kurasa kwenda kukitafuta, kwa sababu ukikikuta bila yale yaliyo mbele yake utakiona kikubwa kuliko kilivyo. Au pengine ni kikubwa hivyo hivyo. Utapima wewe.

Kwanza ujue nina wivu. Hiyo si siri, kila mtu Mbooni anajua, hata mbwa. Lakini wewe unafikiri ni utani, kwa sababu tumekuwa tukitaniana tangu uzaliwe. Babu yako alikuwa anakuita bibi yake mdogo, na mimi nakuita mke mwenza, na watu wanacheka. Akitoka Kikima na mkate, alikuwa anakukatia wewe kwanza ule upande wa mwisho, mgumu, ambao alijua mimi ndio naupenda. Nilicheka na wengine. Tumboni sikucheka. Mtoto wa miaka minne, na mimi nilikuwa namhesabia mkate.

Ulipofika darasa la pili ukaanza kumsomea Biblia. Ukasoma mstari mzima bila kukwama, na yule mzee akafunga macho kwa raha, akasema, "Sasa nyumba hii ina mtu anayejua kusoma." Kana kwamba kabla yako tulikuwa tunaishi hapa na kuku peke yao. Jumatatu iliyofuata nikaenda ngumbaru, kwenye lile darasa la watu wazima nyuma ya kanisa. Niliwaambia akina mama ni kiu ya neno la Mungu. Ilikuwa ni wewe. Nilitaka kukufikia. Mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo nagomba kwa Kikamba lakini kalamu yangu inajua Kiswahili. Barua hii unayoshika imetoka kwa wivu, kwa hivyo si kila kitu ambacho wivu umenipa ni kibaya. Kumbuka hilo ukifika kule chini.

Sasa hivi nina wivu na yule mama mzee wa huko Australia, ambaye utapanga chumba kwake. Ulinionyesha picha yake kwenye simu. Nywele nyeupe, miguu myembamba, na mbwa amelala kwenye kiti cha wageni. Ukasema, "Susu, ni mama mzuri sana, ameniambia nimchukulie kama nyanya yangu." Nikasema vizuri. Si vizuri. Susu ndiye nyanya, na nyanya hachukuliwi hivyo kama kikombe. Mtengenezee friji, msaidie kubeba vitu vizito, mchekee mbwa wake. Lakini akikuuliza Syombua ni jina gani, mwambie ni jina la mtu, na huyo mtu hajafa, yuko Makueni na ana maswali.

Cheka tu. Cheka sasa, kwa sababu mbele hutacheka.

Unakumbuka mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, tukipumzika kupalilia? Ulikuwa umekuja kwa wikendi. Umekaa hapo kwenye benji ya juu, ile ngazi ya shamba, miguu inaning'inia, na simu mkononi, unahesabu pointi. Ulinieleza kwamba serikali ya huko haitaki kujua wewe ni mtoto wa nani. Inakupa pointi kwa umri, pointi kwa Kiingereza, pointi kwa masomo, pointi kwa kazi, halafu inaanza kuita wenye nyingi. Nikakuambia uhesabu na zangu.

"Susu, wacha mchezo."

"Hesabu. Kwani mimi si mtu?"

"Haya. Umri?"

"Andika themanini kasoro."

"Kasoro ngapi?"

"Kasoro tu."

"Kwa umri huna kitu, Susu. Wanakomea kabla ya arobaini na tano."

"Huko watu wakifika hapo wanazikwa?"

"Kiingereza?"

"Yes. No. Tank you."

"Sifuri. Masomo?" Hapo uliniangalia, ukajijibu mwenyewe, ukaandika sifuri polepole kama mtu anayefunika sufuria. "Kazi?"

Nikakutajia. Benji zote za shamba hili nimechimba mimi, nyingine nikiwa na mimba ya mama yako. Nimewazalisha ng'ombe wa watu mpaka daktari wa mifugo akawa ananiita mimi. Nimesuka vyondo ambavyo vimeingia ndege kabla yako. Nimebeba mawe ya bwawa la mchanga pale mtoni na bado lina maji. Wewe ukashusha kidole kwenye ile orodha, ukashusha, ukashusha.

"Haimo, Susu."

"Hata moja?"

"Wapishi wamo. Wapaka rangi wamo. Mafundi wa friji tumo." Halafu ukapiga kelele mbuzi wakaruka. "Susu! Kama huna mume unapata kumi!"

"Kumi?"

"Kumi! Kukaa peke yako kuna pointi!"

"Na mimi nimekusumbua miaka kumi uniletee bwana! Kumbe ningekunyima pointi!"

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Wewe ulisahau. Mimi nilienda na ile hesabu shambani. Nikawa napalilia na kuhesabu. Maisha haya yote, mvua na jua, kitu kimoja tu kilichoonekana kinafaa kuandikwa ni kwamba mume wangu amekufa. Kila jembe nililolipiga, sifuri. Na huyu niliyemlea kwa hayo majembe ndiye anayejaa kila kisanduku. Sikukasirikia serikali ya watu, siijui. Nilikukasirikia wewe. Nakuambia kama ilivyokuwa.

Siku ile ile ulifika kwenye umri wako, ukaiweka simu chini. Cheti chako cha kuzaliwa kilisema Januari. Januari hiyo iliyokuwa inakuja ungefika thelathini na tatu, na ukipita thelathini na mbili wanakukata pointi tano, na bila hizo tano hawatakuita. Karatasi zako za ufundi zilikuwa bado hazijakaguliwa. Ukasema, "Susu, lakini mama huniambia nilizaliwa wakati wa baridi, mkivuna mbaazi. Sasa Januari ilitoka wapi?"

Nilikuambia makarani wa zamani walikuwa walevi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Karani hakuwa mlevi. Alikuwa kijana msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuja kwa chifu tukiwa tunaandikisha watoto wa kuingia darasa la kwanza. Nilikuwa nimekushika mkono, umevaa gauni lililokatwa kutoka kwa langu. Akauliza una miaka mingapi. Mimi miaka sikuwa najua kuihesabu, nilijua mvua. Kila mtu wa rika langu alikuwa anajua mtoto wake ameona mvua ngapi. Mwaka una mvua mbili, ile ya kwanza na ile ya mwisho, na mimi zako nilikuwa nazo kichwani kama majina ya watu. Nikamwambia, "Ameona mvua kumi na nne." Yeye akagawanya kwa mbili, ikatoka saba kamili, akarudi nyuma miaka saba mpaka kwenye Januari, akaandika tarehe moja. Akanipongeza. Alisema, "Mama, wewe ungekuwa karani."

Nikatembea hapo nimejaa. Sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye kalamu.

Lakini mvua zilikuwa kumi na tatu. Mwaka ule wa El Niño mvua ilianza mwezi wa kumi, ikapumzika kidogo Krismasi, ikarudi Januari kwa hasira, ikabeba nyumba ya kuku na mahindi yote ya bonde. Mimi niliihesabu mara mbili, kwa sababu ilitupiga mara mbili. Kumbe ni moja. Hapo ndipo nilipokuongezea nusu mwaka ambao hukuishi. Wewe ulizaliwa Julai, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Syombua, hilo jina la mtu aliyezaliwa na mvua, ni langu, wewe nilikupa tu.

Hilo halikuwa kosa la wivu. Lilikuwa kosa la mtu ambaye hakuona shule, na kwa hilo sikuombi msamaha, nakueleza. Ninalokuja nalo sasa ndilo la wivu.

Uliniuliza, "Kadi ya kliniki iko wapi? Ile ya chanjo, ina tarehe." Nikajibu bila kugeuka kutoka kwa jiko, "Panya walikula."

Wajina, kadi ilikuwa kwenye debe la mbegu, chini ya kunde, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Ilikuwa hapo tangu ukiwa mchanga. Nilijua ilipo kama ninavyojua mkono wangu.

Ukarudi wikendi iliyofuata ukapekua nyumba nzima. Ulitoa vitu chini ya kitanda changu, ukakung'uta magunia, ukafungua Biblia ya babu yako ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikushikia taa. Nilikuambia, "Angalia na kule." Lile debe ulilisogeza kwa mguu upate njia ya kupita, na mimi nikakuinulia taa uone kule mbele. Krismasi ikaja, Januari ikaja, ukawa na thelathini na tatu za karatasi. Ulikuwa unapiga simu kutoka Sultan Hamud sauti imeshuka, na mimi nakuambia Mungu ana njia zake. Miezi mitatu. Kila nikichota mbegu niliigusa kwa kidole.

Nimejaribu kuiita upendo. Nilijiambia, ni kwa sababu sitaki kufa peke yangu, ni kwa sababu huko ni mbali, ni kwa sababu mtu mweusi anateswa. Nikikuambia ni upendo utalia, utanikumbatia, na tutaachana vizuri. Lakini haikuwa hivyo. Nilitaka ukose. Nilitaka ukae hapa kwenye sifuri pamoja na mimi.

Na si wewe wa kwanza. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama yako, Mwikali, hakuniacha kwa sababu ya kuolewa Kitui kama ninavyowaambia watu. Alipomaliza shule, mwalimu mkuu alimtafutia nafasi ya kujifunza ushonaji Machakos. Barua ikaja. Nilimkuta hapo nje ameazima viatu vya kisigino vya jirani, anatembea kutoka kwa mti mpaka kwa jiko, anarudi, na kioo cha babu yako mkononi. Alikuwa mrembo ajabu. Mimi nilikuwa nimerudi mtoni na mtungi mgongoni, kamba imenikata paji la uso. Akaniambia, "Mama, huko kuna mfereji ndani ya nyumba." Ni hilo tu. Hakusema neno baya.

Kesho yake nilienda kwa mwalimu mkuu nikamwambia nafasi ile ampe mtoto mwingine, Mwikali amechumbiwa, tayari tumepokea mbuzi.

Hakukuwa na mbuzi. Hakukuwa na mchumba. Mwikali alingoja gari la Machakos wiki nzima. Nikamwambia nafasi zilijaa. Mwaka uliofuata akapata mimba yako na mtu wa kutengeneza barabara ambaye aliondoka na barabara yake, na ulipoanza kutembea vizuri akaolewa Kitui, nikabaki na wewe. Unaona? Nilimwibia njia, halafu nikapewa zawadi. Mungu mimi wakati mwingine simwelewi.

Aliujua ukweli miaka mingi baadaye, sokoni huko Kitui. Alikutana na yule mwalimu mkuu, sasa mzee na fimbo, na mzee kwa upole wake akamwuliza, "Na yule mchumba wako wa wale mbuzi, ndiye huyu mliyeoana?" Siku hiyo hiyo Mwikali akaja hapa. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Hakuketi. Alisimama na mkoba begani.

"Mama, mbuzi walikuwa wangapi?"

Niliinama nikachochea moto.

"Walikuwa wa rangi gani?"

Nikasema nimeweka maji ya ugali motoni, tutaongea tukila. Aliondoka kabla maji hayajachemka. Tangu siku hiyo anakuja Krismasi, ananiletea sukari na kitenge, ananiita Mama vizuri mbele za watu, na anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Umewahi kuuliza kwa nini halali hapa. Nilikuambia mume wake ni mkali. Mume wake ni mpole kama kondoo. Msamehe mama yako kwa mambo uliyomlaumu. Mengine yalikuwa yangu.

Nimefikiria sana kuhusu siku ile. Haikuwa tu lile nililofanya. Ni kwamba alilisikia kwa mtu mwingine, sokoni, amebeba nyanya, na mimi nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia mwenyewe. Kila Krismasi ningeweza. Nilikuwa nangoja siku nzuri. Siku nzuri ya kitu kama hicho haiji.

Sasa nikueleze kadi ilitokaje, kwa sababu unafikiri ilitoka kwa machozi na maombi. Ulirudi kutoka mjini Wote mwezi wa pili. Watu wa vyeti walikuwa wamekuambia kwamba hata bila kadi, unaweza kujaribu, mradi aape mtu aliyeandikisha kuzaliwa kwako, au mama mzazi. Ukaniambia, "Susu, usijisumbue na magoti yako. Nitamwomba mama atoke Kitui, aape yeye. Yeye ndiye aliyenizaa, anajua siku."

Ulimaanisha kunihurumia. Mimi niliona giza. Mwikali aje Wote, asimame mbele ya wakili, aseme huyu ni mtoto wangu, karatasi iandikwe jina lake, na wewe uende ng'ambo kwa mkono wake? Na mimi niliyekulea niwe nani, debe?

Hukuwa umemaliza chai. Nilienda nikaingiza mkono kwenye kunde mpaka kiwiko, nikatoa hiyo kadi, nikaitupa mezani.

"Susu! Si ulisema panya?"

"Panya walishindwa."

Ulinibeba, mtoto. Ulininyanyua juu na kunizungusha kama gunia la makapi, unalia, unasema, "Umeitafuta! Kumbe ulikuwa unaitafuta!" Na mimi nikakubali. Hiyo ndiyo picha niliyo nayo: miguu yangu haigusi chini, na ninakudanganya.

Wivu uliificha, wivu ukaitoa. Kama ungesema utamwomba mtu mwingine yeyote asiye Mwikali, pengine ingekuwa kwenye debe mpaka leo.

Yaliyotokea mjini Wote unayajua. Yule wakili kijana alinisukumia kidau cha wino nitie kidole, nikamwambia alete kalamu. Nikaandika Syombua, herufi zote, na wewe ukapiga picha. Lakini kabla ya kuandika alinisomea hati yote, na ilisema kadi ilipatikana baada ya kutafutwa kwa bidii. Aliniuliza, "Nyanya, ni kweli?" Tarehe yako ilikuwa kweli. Mvua yangu ya mara mbili ilikuwa kweli, karani wa wakili aliicheka sana. Hilo moja la bidii halikuwa kweli, na niliapa nalo.

Cheti, kitambulisho, pasipoti, kila kimoja na foleni yake, na mwaliko wako ulikuja ukiwa umebakisha siku kumi na moja ufikishe thelathini na tatu za kweli. Kumi na moja. Ulinionyesha kwenye simu, ukasema Mungu hachelewi. Mimi nilitoka nje. Ningekaa na ile kadi wiki mbili zaidi, leo kusingekuwa na sanduku hapo kitandani, na ungezeeka ukiamini ni panya.

Ningenyamaza. Hakuna aliyejua ila mimi na kunde. Lakini Jumapili ulisimama kanisani, umevaa ile nguo ya buluu, ukashika kipaza sauti, ukasema, "Nataka mumshukuru Mungu kwa ajili ya Susu. Bila yeye ningekosa. Alitafuta kadi yangu miezi mitatu mpaka akaipata." Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama wa mstari wa mbele akanigeukia akafuta machozi. Na mimi nikainua mkono, nikapunga, kama mbunge.

Tangu hapo chakula hakipiti. Umeniuliza mara tatu kama naumwa. Siumwi. Utaisema hadithi hiyo huko. Utamwambia yule mama wa mbwa, na siku moja watoto wako, na wao watakua wakinipenda kwa kitu ambacho sikufanya. Afadhali wanichukie kwa nilichofanya. Kama watanipenda baada ya hapo, basi upendo huo utakuwa wangu.

Umeniomba ushauri wa safari na sijakupa. Nina huu tu. Utapata wivu huko, wajina, hata kama sasa hivi unafikiri huna. Ni damu moja. Utamwona mtu ambaye mama yake anaishi nyumba ya pili na hata hamtembelei, na utataka kumpiga na spana. Utamwona aliyekuja nyuma yako akikutangulia. Siku hiyo usijifanye mtakatifu, mimi nilijifanya na unaona. Sema kwa mdomo, "Nina wivu na wewe," hata kama ni kwa kucheka. Ukishausema unakuwa kitu kidogo, unakaa hapo mezani na watu wanakula. Ule ambao sikuusema ndio ulienda mpaka kwa mwalimu mkuu.

Mimi nausema. Nina wivu na ndege itakayokubeba, na bucha za huko, na jua la huko ambalo unasema ni kali kama la Makindu. Nina wivu na mtu ambaye utamchekea kesho kutwa. Nina wivu na wewe mwenyewe, kwa sababu unakwenda, na kwa sababu ungeweza kukosa na hukukosa, na mimi nilikosa kila kitu kabla hata ya kuulizwa. Na ninafurahi mpaka kalamu inakimbia, ndiyo maana huu mstari umepanda. Vyote viwili viko ndani yangu na havigombani. Nenda.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako uikute huko. Nimebadilisha. Nitakupa mkononi ukishatua mzigo, kabla watu hawajaja kula chakula cha kukuaga. Utaisoma hapa. Mimi nitakaa mbele yako, sitaenda jikoni, sitajifanya naitwa na mtu. Ukimaliza, sema chochote kinachokuja. Kama ni kunigombeza, nigombeze, magoti ndiyo mabovu, masikio ni mazima. Kama hutaki kuongea, tukae hivyo hivyo mpaka wageni wafike.

Lakini kasirika leo, wajina, nikiwa naona uso wako. Hasira ya simu sitaiweza. Huwa inakatika katikati, halafu mtu hajui kama umemkatia au ni mtandao.

Nasikia lango. Umekuja.

Ni mimi,
Syombua wa kwanza